Mkufunzi Aliyetufundisha Kusema Tabora

Kuna mzee mmoja wa Ipuli, hapa Tabora mjini, ambaye kwa miaka mingi nilikuwa nikimwona kando ya barabara nageuza bajaji na kupita mtaa mwingine, hata kama nina abiria na abiria ananung'unika. Si kwamba nilimwogopa. Nilimjua mno. Huyo ndiye aliyenifundisha kushika silaha, akanisifu mbele ya watu, akaniita mtani wake, akala kwangu na kunywa kwangu, halafu siku moja akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya wakubwa akanimaliza kwa maneno machache. Sisi wote tulimwita Mkufunzi. Jina lake analo na wanawe wanalitumia, lakini hapa atabaki Mkufunzi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyonifanyia, na kwa kazi hiyo hiyo akaniharibia.

Nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake. Sikutaka anirudishie kazi, wala sikutaka aniombe radhi, maana radhi ya mtu kama yule unaweza kukaa nayo usijue uiweke wapi. Nilitaka aende kwa Maganga, mwenzangu niliyelala naye hema moja porini kwa miaka, amwambie kwa kinywa chake kwamba risasi iliyomvunja kiwiko haikutoka kwa uzembe wangu. Basi. Maganga akishasikia, hayo mengine ningeyamaliza mwenyewe.

Mkufunzi alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, miguu imepinda kidogo kama mtu aliyeshuka punda jana. Ijumaa alivaa kanzu, na hata hiyo kanzu aliipiga pasi mpaka ikawa na mistari kama suruali ya gwaride. Chai aliinywa kwenye kisahani, akiipuliza kwa sauti kubwa, lakini kuruta akitafuna bigijii mbele yake aliambiwa aiteme na kuizika. Aliweza kufungua rashasha vipande vipande na kuirudisha huku anakusimulia habari za mpira, lakini hakuweza kumchinja kuku. Nasema kweli. Siku za sikukuu alimshika kuku miguu, akatoka naye hadi kwa jirani, akasimama akitazama ukuta mpaka shughuli iishe. Radi ikipiga aliingia ndani na kukaa kitandani na viatu vyake. Mkewe, mwanamke wa hapa hapa mjini ambaye mimi humwita shemeji, alisema ameolewa na simba wa maonyesho.

Kikosi chetu cha doria ya pori kilikuwa na rashasha za zamani, fupi, nzito, chuma kitupu, zimepakwa rangi mara nyingi hata hujui zilizaliwa na rangi gani. Mkufunzi aliziita Bi Mkubwa. Zile za kisasa, ambazo wakati huo tulikuwa tukiziona kwa mbali mabegani mwa walinzi wa wageni wakubwa, aliziita Bi Mdogo. Somo lake la kwanza kwa kila kundi lilikuwa hilo la wake wawili. Tulikaa chini kwenye vumbi, upande wa Ntalikwa ambako tulikuwa na uwanja wa shabaha, naye akatembea mbele yetu mikono nyuma.

"Bi Mkubwa ana tumbo," alisema. "Ukimwita haitiki papo hapo. Ndani yake mna chuma kizito. Ukivuta kifyatulio, chuma kile kinakimbia mbele kwanza, kinagonga, ndipo risasi itoke. Kwa hiyo risasi yake ya kwanza ina mashaka, maana mwili umetikisika kabla ya kusema. Lakini akishaanza, anatwanga. Taratibu. Uzito wake ndio adabu yake. Sasa Bi Mdogo, yeye mwepesi, anaitika hujamaliza kumwita. Risasi yake ya kwanza utaipitisha tundu la sindano. Ila usimwache aendelee kusema. Akiendelea, ameshapanda darini, na wewe umeshika pindo la khanga."

Tulicheka, naye akangoja tumalize. Kisha akatoa msemo wake ambao naweza kuusema hata nikiamshwa usingizini: "Bi Mkubwa hukosea risasi ya kwanza. Bi Mdogo hukosea ya tatu."

Maganga alikuwa mbishi. Siku moja alimwambia amesikia kwamba zipo rashasha za kisasa zinazotulia begani hata ukiziachia, kuliko haya machuma yetu. Nilidhani Mkufunzi atakasirika. Akatikisa kichwa akakubali. "Zipo. Zimetengenezwa na watu wenye akili, zina uzito mahali pake na kitako cha maana. Mtu akikwambia cha zamani ni bora kwa kuwa ni cha zamani, huyo anauza makumbusho. Lakini nyie hamtaletewa hizo. Mtaletewa zile fupi kama kiganja, kitako cha waya cha kukunja, zinatema kama mtoto aliyekunywa uji wa moto."

"Sasa Mkufunzi, iliyo bora ni ipi?"

"Hilo swali la mtu ambaye hajaoa. Bora ni ile unayoijua."

Yeye mwenyewe alikuwa na mke mmoja, na huyo mmoja alimtosha kabisa.

Risasi za mazoezi zilikuwa chache. Mtu aliweza kumaliza mafunzo akiwa amefyatua kidogo sana, zilizobaki zote za mdomoni. Ndipo Mkufunzi akabuni njia yake, na njia hiyo ndiyo iliyomfanya ajulikane. Alitufundisha kusema Tabora. Ukivuta kifyatulio, unasema kimoyomoyo Ta-bo-ra, na "ra" ikitoka kidole kimeachia. Kwa Bi Mkubwa, na mwendo wake ule wa kutwanga, neno hilo lilitoa risasi tatu, nne ukiwa mvivu wa ulimi, na mtutu ulikuwa bado haujapata nafasi ya kunyanyuka. Hakuna kuruta wa Mkufunzi aliyemimina magazini nzima kwa hofu. Hofu ilikuja, lakini neno liliisha kabla yake.

Niliwahi kumuuliza kwa nini Tabora. Akasema alijaribu Dodoma, vijana wakapitiliza. Akajaribu Kigoma, wakakaza meno. Tabora inaishia mdomo wazi, na mtu mwenye mdomo wazi hakazi shingo, asiyekaza shingo hakazi mkono. Basi tulisema Tabora tukila, tukasema Tabora tukiendesha baiskeli, tukibonyeza kengele na kuiachia. Maganga aliisema hata usingizini. Neno lilihama kichwani likakaa kidoleni, na hapo ndipo Mkufunzi alipokuwa akilitaka. "Siku yenyewe hutakuwa na akili," alisema. "Utakuwa na mkono tu. Mimi nautengeneza mkono."

Wangu aliutengeneza vizuri kuliko wote. Si majivuno, yeye ndiye aliyekuwa akisema. Kundi jipya likija, alinisimamisha mbele: "Mtazameni huyu mtumwa wangu."

Nieleze hilo la mtumwa, mtu asije akashtuka. Mkufunzi ni Mzaramo, aliletwa Tabora na jeshi, akaoa, akastaafu, akabaki. Mimi Mnyamwezi. Wazee wetu walibeba mizigo kutoka huku Unyanyembe kwenda pwani kwa miguu, wakapita nchi ya Wazaramo, wakagombana, wakapatana, wakaachiana utani hadi leo. Yeye alisema babu yangu alimbebea babu yake pembe za ndovu bila kupumzika. Mimi nilimjibu kwamba babu yake alikuwa akikaa njiani kuwatoza watu hongo kwa maji ya kisima, ndiyo maana hata yeye hawezi kazi isipokuwa ya kusimama na kuamuru. Alikuja nyumbani akachukua mwavuli wangu bila kuuliza. Nami nilichukua redio yake, akaitafuta wiki nzima huku akijua iko wapi. Mtani hanuni, mtani hashtaki. Ni raha, mpaka siku mtu atakapoutumia utani kujifichia.

Bi Mdogo alikuja kweli. Zililetwa ndani ya masanduku mazuri, nyeusi, fupi, kitako cha waya cha kukunja, kama alivyotabiri. Mkuu wa kikosi alifurahi, maana ndiye aliyeziomba, na sisi tukafurahi kwa kuwa hazikuchosha bega. Kila mtu alipewa risasi za kuonja tu. Mkufunzi alikuwa wa kwanza. Akakunjua kitako, akakiweka begani, akasimama kama anavyosimama, akavuta. Ilisikika kama mtu anayechana shuka. Shabaha ya karatasi ilipata tundu moja katikati kabisa, zuri, na majani ya mti wa nyuma yakaanguka. Mkuu akapiga makofi kwa lile tundu la katikati.

Mkufunzi hakupiga makofi. Alikuja nilipo, akajifanya ananionyesha namna ya kukunja kitako, akaninong'oneza. "Mtani, umeona? Huyu hasubiri Tabora. Nimesema Ta tu, tayari yuko mtini. Nikifika ra, magazini imebaki nusu."

"Sasa tutafanyaje?"

"Nitawatafutia neno jingine fupi. Na nitamwambia Mkuu asiwatoe nazo porini mpaka mikono isahau ile ya kwanza. Mkono haufundishwi kwa siku moja."

Nikamwamini. Nilikuwa na sababu gani ya kutomwamini? Nikangoja hilo neno jipya. Siku zikapita, zamu zikapangwa, nikamwona akitoka ofisini kwa Mkuu akicheka na kufuta jasho, nikajua ameshasema. Kumbe hakusema. Alikuwa amekwenda kumpongeza.

Tulitoka doria mimi na Maganga na wenzetu wawili. Ilikuwa mchana, jua kali, miti imepukutika. Tukawakuta wapasua mbao wa magendo, kundi kubwa, na wawili wao wana magobole. Walipotuona hawakukimbia, walianza kuja. Kiongozi wetu wa doria akaniambia, "Saidi, piga chini, mbele ya miguu yao." Ndiyo kazi niliyosifiwa nayo miaka yote. Maganga alikuwa upande wangu wa kulia, mbele kidogo, anapanda kichuguu apate kuwaona waliokuwa nyuma.

Nikalenga ardhi. Nikavuta. Nikasema Tabora.

Vumbi liliruka mbele ya miguu yao, hasa pale nilipotaka. Hiyo ilikuwa risasi ya kwanza. Zilizofuata sikuziona. Niliona mikono yangu inapelekwa juu na kulia, nikawa bado niko kwenye "bo". Wapasua mbao wakatimka. Maganga akakaa chini kwenye kichuguu polepole kama mtu aliyechoka, akaushika mkono wake, akanitazama. Hakupiga kelele. Akasema, "Saidi, ni mimi."

Kiwiko hakikupona. Mkono ule wa kulia ulikauka umejikunja, mpaka leo anakula kwa kushoto.

Kikao kiliwekwa chini ya banda la magari. Waliletwa wakubwa wawili tusiowajua, Mkuu wa kikosi akakaa nao, na Mkufunzi akapewa kile kiti cha plastiki pembeni kama mtaalamu. Nilikuwa nimesimama. Namshukuru Mungu kwamba nilikuwa mtulivu, kwa sababu nilimwona yeye pale nikajua yameisha. Nilijiambia, huyu anajua kila kitu, aliniambia kwa mdomo wake, atasema.

Mmoja wa wale wakubwa akauliza, "Mkufunzi, kwa ujuzi wako, tatizo ni la silaha au la mtu?"

Hata hakukohoa. "Silaha haina tatizo, mkuu. Hii inatulia kuliko zile za zamani. Tatizo ni mkono wake."

Nikasema, bila kuruhusiwa, kwamba mkono huu ulifundishwa kwa Bi Mkubwa, kwamba tulifundishwa kusema Tabora, na kwamba bunduki hii ikifika mwisho wa Tabora imeshamwaga risasi zake. Yule mkubwa akamgeukia Mkufunzi: "Kusema nini?"

Mkufunzi akatabasamu. Ninalikumbuka tabasamu lile kuliko maneno. "Hayo ni mambo ya kuwachangamsha kuruta, mkuu. Mtu mzima hahesabu kwa mdomo."

Wote wakacheka. Mkuu wa kikosi alicheka kuliko wote. Na mimi niliyelala na neno lile kidoleni miaka yote nikasimama pale kama mtoto aliyekutwa anaongea na ukuta. Sikuwa na hasira bado, hasira ilikuja baadaye na haijaondoka. Pale nilihisi aibu, na aibu ile haikuwa yangu, ilikuwa yake, alinivisha tu. Nikafukuzwa kazi. Mkono ule aliutengeneza yeye, akaukana mbele yangu, nami ndiye niliyeondoka nao.

Mtu mwingine angejificha. Mkufunzi hakujificha. Haikupita muda akaja nyumbani kwangu asubuhi, anapiga mluzi, akaingia uani, akamkamata jogoo wangu. "Mtumwa wangu, leo nina wageni," akasema. Mke wangu akaniangalia. Wazee wa jirani walikuwa wanatazama juu ya ukuta wakicheka, maana kwao ni mambo ya kawaida, mtani amekuja kuchukua haki yake. Ningefanya nini? Ningemkaba koo mtani kwa sababu ya jogoo? Akanishikisha mabawa, akaniambia, "Nichinjie basi, unajua mimi siwezi." Nikamchinjia. Yeye akatazama ukuta. Kisha akaondoka na kuku wake na utani wake, na mtaa mzima ukaamini kwamba tumepatana. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa namchinjia na kuku.

Tangu hapo nikawa dereva wa bajaji. Kijiweni vijana wananiita Mzee Risasi, wanadhani ni sifa. Maganga alibakishwa kikosini, akapewa kazi ya kukaa na redio ya mawasiliano, kivulini. Kila Krismasi nilimpelekea asali nyumbani kwake. Alikuwa akisema, "Weka hapo." Nikaiweka. Mkewe akanikaribisha chai, yeye akainuka akaenda kutazama mbuzi. Hakunitukana hata siku moja, na ningeshukuru kama angenitukana. Binti yake aliolewa, yule niliyekuwa nikimbeba mgongoni, nikasikia vigelegele nikiwa nimepakia abiria. Hapo ndipo nilipoanza kumtumia Mkufunzi watu: imamu, balozi wa nyumba kumi, hata mwanawe mkubwa. Wote niliwaambia neno lile lile. Amwambie Maganga tu. Majibu yake yakawa utani: "Mwambieni mtumwa wangu aniletee redio yangu kwanza."

Mwaka huu, mvua za mwanzo zilipoanza, shemeji alikuja kijiweni mwenyewe. Akasimama mbele ya bajaji yangu na kitambaa cha kichwa kimelowa. "Shemeji, mzee anakuita. Kiharusi kimempiga. Njoo akiwa anaweza kusema."

Nilikwenda saa kumi alasiri. Alikuwa barazani kwenye kiti cha kamba, upande wa kushoto umelegea, mdomo umevutwa. Nguo zimepigwa pasi vile vile. Nilipomwona nikamhurumia, na huruma ikanikera.

"Mtumwa wangu," akasema taratibu, "umekuja kunibeba?"

"Mkufunzi, leo sikuja kutaniana. Bajaji iko pale. Naenda kumleta Maganga sasa hivi, umwambie ukweli. Mimi nitakaa nje, hata sitasikiliza."

Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sakafu.

"Hujamwambia?" akamuuliza.

"Nimwambie mimi? Si ulinikataza?"

Akageuza kichwa kwa shida kunielekea. "Maganga anajua, mtani. Anajua tangu yuko wodini. Nilikwenda na shemeji yako, amebeba uji. Nikamwambia, si Saidi, ni bunduki, na ni mimi niliyewakalisha na neno lile. Nililia pale. Muulize huyu."

"Alilia," shemeji akasema.

"Nikamwambia nitasema kikaoni. Ndipo Maganga akanishika mkono, huu hapa. Akasema, Mkufunzi, ukisema ni bunduki, Mkuu ndiye aliyeiomba, atatufukuza wote watatu na kufunga mlango. Lakini likiwa kosa la mtu mmoja, mimi nitahurumiwa, watanibakisha. Nina watoto, na mkono sina tena. Akaniomba kwa Mungu wake. Na mimi, nisikufiche, niliona hapo hapo kwamba ombi lake linaniokoa na mimi."

"Kwa hiyo mlinichagua mimi."

"Wewe ulikuwa mzima," akasema.

Niliwaza asali. Niliwaza "weka hapo", na yule mtu anayeinuka kwenda kutazama mbuzi. Nilidhani anashindwa kunisamehe. Alikuwa anashindwa kunitazama. Miaka yote nimemfuata kwa magoti kuomba kitu ambacho yeye ndiye aliyekuwa nacho, na huyu hapa, mwalimu wangu, alijua kwamba naomba, kila mjumbe niliyemtuma alijua nataka nini, akanirudishia utani. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba Maganga nitamwelewa siku moja, maana alikuwa na maumivu na watoto. "Lakini wewe, Mkufunzi, ulikuwa na nini?"

Akapumua, akasema aliloniitia.

"Siku zangu zimeisha. Wanyamwezi hapa ni wengi, lakini mtani wangu ni wewe. Unakumbuka tulipomzika marehemu baba yako? Nililala ndani ya kaburi na mabuti yangu, nikasema simpishi mpaka mnipe jogoo. Mama yako alipohadithiwa alicheka, kilio chote kile, akacheka amejiziba kwa khanga. Nami nataka hivyo. Unilalie kaburini, unitukane, useme Mzaramo huyu alikuwa mvivu. Mtu akizikwa bila mtani ni kama amezikwa na wapita njia."

"Nitakuja," nikamwambia.

Uso wake ukanyanyuka upande ule mzima.

"Nitabeba jeneza zamu yangu. Nitatia udongo. Lakini sitalala kaburini, na sitasema neno. Wakiuliza mtani wa marehemu yuko wapi, nitanyamaza kama wengine."

"Mtani hanuni," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Kweli, mtani hanuni. Mimi ni jirani."

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka juu ya bati. Nikasimama, nikafunga vifungo vya koti, na kwa kuwa jirani hamwachi mzee mgonjwa bila adabu, nikainamisha kichwa nikampa salamu ambayo sikuwahi kumpa tangu tuanze kutaniana.

"Shikamoo, mzee."

Alinitazama. Shemeji akamgusa bega, akamwambia, "Mwitikie mwenzio." Midomo ikasogea, lakini marahaba haikutoka. Nikangoja kidogo kama inavyotakiwa, kisha nikaenda kuwasha bajaji.